Kuzijaribu Namba kwa Simu na Daftari

Mwaka 1963, katika Shule ya Sekondari ya Magamba huko Lushoto, mwanafunzi wa kidato cha tatu aitwaye Erasto Mpemba alikuwa akitengeneza aiskrimu pamoja na wenzake. Kwa kuogopa kukosa nafasi kwenye friza aliingiza maziwa yake yakiwa bado ya moto, nayo yakaganda kabla ya mchanganyiko wa mwenzake ambao haukuchemshwa. Swali la kwa nini ilikuwa hivyo hakuliacha. Alipofika Mkwawa, Iringa, alimuuliza Denis Osborne, mwalimu wa fizikia wa chuo kikuu aliyekuja kutoka Dar es Salaam, na mwaka 1969 wawili hao wakachapisha makala katika jarida la Physics Education. Leo jambo hilo linaitwa kwa jina la Mpemba duniani kote, na ubishi haujaisha: mwaka 2016 Henry Burridge na Paul Linden walitoa majaribio yao wakasema hawakuuona ushahidi wa kuridhisha. Ubishi hauishi kwa sababu friza hazifanani, vyombo havifanani, na hata mahali kipimajoto kinapowekwa ndani ya maji hubadili jibu.

Namba hazina tabu hiyo. Jaribio la namba likifanywa Kang'ata, wilayani Handeni, leo na likarudiwa Korogwe mwakani, au Brussels, litatoa jibu lile lile hadi tarakimu ya mwisho. Halihitaji friza, maziwa wala kibali cha maabara. Lakini lina kasoro yake, nayo ni kubwa: namba haziishi, na mashine hata iwe na kasi gani itakagua sehemu tu ya safari isiyo na mwisho. Hoja ya mwongozo huu inatoka hapo. Anayetumia kompyuta kujifunza tabia za namba asiiombe impe jibu akaridhika. Aitumie kumwonyesha mahali pa kutafuta sababu, kisha sababu aitafute mwenyewe kwa kalamu. Asiyefuata njia hiyo atakusanya namba nyingi na kuelewa kidogo. Anayeifuata, hata akiwa na elimu ya kidato cha pili, anafanya hisabati yenyewe.

Vifaa havitatuchukulia muda. Simu janja ya kawaida ya Android inatosha. Pakua programu ya Pydroid 3 siku moja yenye bando, na baada ya hapo utaandika na kuendesha lugha ya Python bila intaneti. Mwenye kompyuta ya shule au ya ofisini anaweza kutumia Excel kwa sehemu kubwa ya kazi hii. Kifaa cha pili ni daftari, na hicho hakina mbadala. Kabla ya kuendesha programu yoyote, andika unachotarajia kuona. Ukikosea, lile kosa litakufundisha zaidi kuliko jibu. Usipoandika, utajidanganya kwamba ulijua tangu mwanzo. Jambo la tatu ni kukokotoa mifano midogo kwa mkono na kuilinganisha na ya mashine, kwa kuwa mashine hutii ulichoandika, hata kama sicho ulichokusudia.

Anza na tarakimu nne. Chukua namba yoyote ya tarakimu nne ambazo si zote sawa, zipange kuanzia kubwa hadi ndogo, kisha ndogo hadi kubwa, utoe namba ndogo kwenye kubwa, na urudie kwa jibu ulilopata. Tuchukue 1963: 9631 kutoa 1369 ni 8262, 8622 kutoa 2268 ni 6354, 6543 kutoa 3456 ni 3087, 8730 kutoa 0378 ni 8352, 8532 kutoa 2358 ni 6174. Endelea na hiyo 6174 na utaona inajirudia yenyewe bila kukoma. Aliyeligundua jambo hili mwaka 1949 ni D. R. Kaprekar, mwalimu wa shule katika mji wa Devlali nchini India, mtu ambaye hakuwa na cheo katika chuo kikuu chochote. Swali linalofuata ni la kawaida: je, kila namba itaishia 6174? Namba zenyewe, tukihesabu na zile zinazoanza na sifuri, ni 9,990. Iambie simu izipitie zote. Itamaliza mara moja na kukujibu kwamba ndiyo, zote, na hakuna inayohitaji zaidi ya hatua saba.

Hapo mashine imetoa uthibitisho kamili. Namba zilikuwa na mwisho, zimekaguliwa zote, hakuna kilichobaki. Lakini usiondoke bado. Uliza kwa nini. Ziite tarakimu zako, kutoka kubwa hadi ndogo, a, b, c na d. Ukitoa namba iliyogeuzwa, jibu huwa 999 mara tofauti ya a na d, ukijumlisha 90 mara tofauti ya b na c. Kwa 9631 tofauti hizo ni 8 na 3, na 7992 ukijumlisha 270 ni 8262, kama tulivyopata. Kwa hiyo jibu halijali tarakimu zenyewe, linajali tofauti mbili tu, na tofauti hizo zina michanganyiko 54. Kazi ya namba 9,990 imekuwa kazi ya mistari 54, inayotosha ukurasa mmoja au miwili ya daftari hata umeme ukikatika. Kisha jaribu tarakimu tatu, utafika 495. Jaribu mbili, utajikuta unazunguka 9, 81, 63, 27, 45 na kurudi 9. Jaribu tano uone kama kuna namba moja inayozimeza zote. Ukibadilisha sharti moja kwa wakati, utajua ni sharti lipi linalobeba jambo zima.

Mambo hubadilika pale namba zinapokosa mwisho. Leonhard Euler mwaka 1772 aliitazama fomula hii: chukua n, izidishe yenyewe, jumlisha n, kisha jumlisha 41. Kwa n sawa na 0 unapata 41, kwa 1 unapata 43, kwa 2 unapata 47, zote namba tasa. Ukiendelea hadi 39 hutaona hata moja inayogawanyika. Mtu aliyejaribu mara 40 mfululizo na kufaulu mara 40 ana haki ya kushawishika, lakini n ikiwa 40 unapata 1681, ambayo ni 41 mara 41. Huo ni mtego mdogo. Upo mkubwa zaidi: mwaka 1919 George Pólya alidhania kwamba, ukihesabu kuanzia 1 hadi namba yoyote iliyo 2 au zaidi (1 ikiwekwa upande wa shufwa, kwa kuwa haina kigawo tasa), namba zenye idadi witiri ya vigawo tasa (ukivihesabu pamoja na vinavyojirudia) hazitazidiwa na zile zenye idadi shufwa. Dhanio hilo lilisimama hadi mwaka 1958, C. B. Haselgrove alipolikanusha, na mwaka 1980 Minoru Tanaka akaonyesha kwamba mahali pa kwanza linapoanguka ni 906,150,257. Simu yako ingekagua namba milioni mia tisa, zote zikakubali, nawe ungetangaza ushindi kabla ya wakati. Kwa hiyo katika daftari lako tenganisha kurasa: huku yale uliyothibitisha, kule yale uliyoona tu. Usizichanganye hata siku moja.

Sasa tuingie kwenye jaribio ambalo, kwa maoni yangu, ndilo linalomfaa zaidi msomaji wa pande zetu, kwa sababu chanzo chake ni kupanda kete. Bao la kete lina mashimo 32 na kete 64, nalo ni la watu wawili na lina undani ambao hata mabingwa hawaumalizi. Wanahisabati walichukua kanuni moja tu ya jamii hiyo ya michezo, ile ya kuchota kete za shimo na kuzipanda moja moja, wakatunga mchezo wa mtu mmoja. Mashimo yamepangwa mstari mmoja kuanzia ghala: la kwanza, la pili, la tatu, na kuendelea. Unaruhusiwa kuchota shimo pale tu kete zake zinapolingana na namba yake, ili ukipanda kuelekea ghala kete ya mwisho itue ghalani hasa. Unashinda ukiyamaliza mashimo yote. Chimba mashimo manne chini na ujaribu kwa punje za mahindi: weka nne katika shimo la nne na mbili katika la tatu. Chota la nne, kisha kila mara chota shimo lililojaa sawasawa lililo karibu zaidi na ghala, na punje zote sita zitaingia ghalani. Kwa kila idadi ya kete kuna mpangilio mmoja tu wa ushindi. Swali ni hili: ni idadi ipi ndogo kabisa ya kete ambayo mpangilio wake unahitaji shimo la n?

Majibu ya mwanzo ni 1, 2, 4, 6, 10, 12, 18, 22, 30, 34. Kuna njia fupi ya kuyapata bila kuchimba mashimo mengi. Anza na n. Panda hadi kigawe cha n kutoa 1 kilicho karibu (kama tayari uko juu ya kigawe hicho, baki hapo). Kisha hadi kigawe cha n kutoa 2, na hivyo hivyo hadi 1. Kwa 10 unapita 18, 24, 28, 30, 30, 32, 33, 34, 34. Programu yake ni hii:

def bao(n):
    x = n
    for k in range(n - 1, 0, -1):
        q = -(-x // k)
        x = k * q
        print(k, q, x)
    return x

bao(10)

Alama mbili za kutoa katika mstari wa nne zimewekwa kwa sababu Python ikigawanya kwa // huishusha sehemu iliyobaki. Ukigeuza ishara mara mbili unapata kupandisha. Kwenye Excel kazi hiyo hiyo hufanywa na fomula ya CEILING. Endesha kwanza kwa namba kuanzia 3 hadi 10 na uhakikishe mistari inalingana na ile uliyoandika kwa mkono. Ikilingana, weka 100. Jibu la mwisho litakuwa 3,234. Chukua n mara n, yaani 10,000, uigawe kwa 3,234: unapata karibu 3.09. Kwa 10 hesabu hiyo ilitoa 100 gawanya kwa 34, yaani 2.94. Zima ile print ya ndani ili skrini isijae, andika print(bao(1000)), kisha print(bao(10000)), na utaona uwiano huo unasogea kuelekea 3.14. Ni pai, ile ya mzingo wa duara, na imetokea mahali pasipo na duara lolote, kwenye mashimo yaliyopangwa mstari.

Wengi huishia hapo wakiwa wamefurahi, na furaha hiyo ni halali. Ila kama wangeishia hapo, wangekuwa na jambo la kusimulia tu. Rudisha ile print, weka 100, na safari hii acha kutazama x. Tazama q. Utaona q inaongezeka moja moja hadi k inapofika 50. Kuanzia hapo inaongezeka mbili mbili hadi k inapofika 38. Kisha tatu tatu hadi 31, kisha nne nne hadi 27. Gawanya kila kituo kwa kilichotangulia: 50 kwa 100 ni 0.50, 38 kwa 50 ni 0.76, 31 kwa 38 ni karibu 0.82, 27 kwa 31 ni karibu 0.87. Mwenye jicho ataona sehemu zinazojificha humo: nusu, robo tatu, tano ya sita, saba ya nane. Mashine haikukwambia hivyo. Imekuwekea tu namba mahali unapoweza kuziona, na imebaki kazi yako.

Sababu iko karibu kuliko inavyodhaniwa. Uko kwenye x iliyo k mara q, na unataka kuhamia kwenye vigawe vya k kutoa 1. Sasa k mara q ni sawa na k kutoa 1, mara q, kisha kuna ziada ya q. Ziada hiyo lazima ifunikwe kwa kuongeza mafungu mazima ya k kutoa 1. Maadamu q haijazidi fungu moja, unaongeza moja, ikizidi moja lakini haijazidi mawili, unaongeza mbili, na kadhalika. Katika awamu ya kwanza k inashuka moja kila q inapopanda moja, kwa hiyo jumla yake haibadiliki, na zinakutana katikati, kwenye nusu ya n. Awamu ya pili q inapanda mbili kwa kila hatua moja ya k, kwa hiyo kisichobadilika ni q ukijumlisha na k mbili. Mwanzoni zote zililingana, jumla ikawa mara tatu ya k ya mwanzo. Mwishoni q ni mara mbili ya k, jumla ikawa mara nne ya k ya mwisho. Basi k ya mwisho ni robo tatu ya ile ya mwanzo. Awamu ya tatu, kwa hoja hiyo hiyo, inatoa tano ya sita, na mlolongo hauishi. Mwishoni mwa awamu ya namba j, q ni karibu mara j ya k, kwa hiyo x ni karibu j mara k mara k. Kwa n ya 100 makadirio hayo ni 2,500, kisha 2,812, kisha 2,930, kisha 2,991, yakiendelea kupanda kuelekea 3,183, ambayo ndiyo 10,000 gawanya kwa pai. Tofauti na 3,234 inatokana na kule kupandisha hadi namba nzima kila hatua, na uzito wake hupungua kadiri n inavyokua. Kuzidisha nusu kwa robo tatu kwa tano ya sita na kuendelea ndiyo njia ambayo John Wallis wa Oxford aliitumia kuifikia pai katika kitabu chake cha mwaka 1656. Duara, kumbe, lilikuwa limeingia kwa mlango wa sehemu hizo.

Msomaji makini atauliza: kama Paul Erdős na Eri Jabotinsky walikwisha kuthibitisha kanuni hiyo mwaka 1958, na Duane Broline na Daniel Loeb wakaieleza kwa upande wa michezo ya kete mwaka 1995, kuna faida gani kuirudia kwenye simu Handeni? Faida ni kwamba uthibitisho unaosomwa na uthibitisho unaofikiwa havikai sawa kichwani. Aliyeziona zile 50, 38, 31 na 27 kwa macho yake anajua swali kabla ya kusoma jibu, na hoja ya aya iliyopita haimpiti kama maneno ya mtu mwingine. Zaidi ya hapo, anayezoea njia hii kwa mambo yanayojulikana ndiye atakayeweza kuitumia kwa yasiyojulikana. Nayo yako karibu mno. Chukua namba, ikiwa shufwa igawe kwa mbili, ikiwa witiri izidishe kwa tatu na ujumlishe moja. Ukianza na 27 utapanda hadi 9,232 na kufika 1 baada ya hatua 111. Je, kila namba hufika 1? David Barina alitangaza mwaka 2020 kwamba zimekaguliwa zote hadi 2 kwa kipeo cha 68, zote zikafika 1, na bado hakuna aliyethibitisha kwamba kila namba hufika.

Mashine ina hatari ya pili, tofauti na ile ya kukagua sehemu tu ya namba: hukuonyesha mpangilio mahali ambapo pengine hapana kitu. Mfano ulio karibu nasi ni mfupa wa Ishango. Mwaka 1950 Jean de Heinzelin, mwanajiolojia Mbelgiji, aliupata Ishango, kwenye Ziwa Edward mahali Mto Semliki unapotokea, mashariki ya Kongo. Una umri wa takribani miaka 20,000 na umehifadhiwa Brussels. Una safu tatu za mikwaruzo, na safu moja inasomeka 11, 13, 17, 19, namba tasa zote zilizoko kati ya 10 na 20. Wako waliosema kwamba wakazi wa kale wa ziwa lile walizijua namba tasa. Lijaribu dai hilo kwa kuhesabu. Ukidhani mchongaji alichagua namba nne tofauti kutoka 11 hadi 19 bila mpango wowote, kuna njia 126, na moja tu ndiyo inayotoa tasa zote, hilo linashangaza. Lakini ukidhani alipendelea namba witiri, kwa sababu yake yoyote, witiri zilizomo ni tano tu, 11, 13, 15, 17 na 19, na njia za kuchagua nne ni tano. Mshangao umeyeyuka kutoka moja kwa 126 hadi moja kwa tano, ilhali mfupa haukubadilika hata mkwaruzo mmoja. Kilichobadilika ni dhana uliyoingia nayo. Mimi naona safu hiyo pekee haitoshi kubeba dai kubwa namna ile, na heshima ya watu wa Ishango haipungui: kuhesabu kwa kuchonga mfupa, miaka elfu ishirini iliyopita, ni jambo kubwa lisilohitaji kuongezewa. Kwa jaribio lako la kesho, funzo lake ni kwamba uandike dhana zako waziwazi kabla ya kuhesabu, na ukiona mpangilio, uulize ungetokea mara ngapi kwa bahati.

Wazazi na walimu wana pingamizi lao, nalo si la kupuuzwa. Hisabati kwa miaka mingi imekuwa miongoni mwa masomo yenye ufaulu wa chini kabisa katika mtihani wa kidato cha nne nchini. Je, kumpa kijana simu imkokotolee si kumaliza kile kidogo kilichobaki? Ingekuwa hivyo kama angeitumia kama kikokotoo. Lakini tazama jaribio la bao lilivyodai: kukokotoa mifano kwa mkono, kutafuta vigawe, kugeuza namba kuwa sehemu, kuandika k mara q kwa sura nyingine. Hayo ndiyo mambo ya kigawe kidogo cha shirika (KDS), kigawo kikubwa cha shirika (KKS) na aljebra yanayomchosha mwanafunzi anapopewa bila swali la kuyahitaji. Mashine imechukua ule mzigo wa kurudia mara elfu, ambao haukuwa ukimfunza mtu kitu baada ya mara ya kumi. Mwalimu anayetaka kulinda jambo hilo aweke sharti moja darasani: hakuna kuendesha programu kabla ubashiri haujaandikwa daftarini. Kuhusu Kiingereza cha lugha za kompyuta, programu nzima ya bao ina maneno sita tu yasiyo yetu, na mtoto huyajua kama alama ndani ya wiki moja. Majina mengine yote unaweza kuyaandika kwa Kiswahili, au kwa Kizigua ukipenda.

Kuhusu manufaa, jibu rahisi lipo: mwaka 1977 Ron Rivest, Adi Shamir na Leonard Adleman walitunga njia ya kufunga siri inayotegemea ugumu wa kutenganisha namba iliyotokana na kuzidisha namba tasa mbili kubwa sana, na baadaye namba tasa zikaja kulinda mawasiliano ya intaneti. Hata hivyo sitaki kuusimamisha mwongozo huu juu ya nguzo hiyo. Mkulima wa Kang'ata hatafunga siri za benki, na asiambiwe kwamba ndiyo sababu ya kujifunza. Anayestahili kuujua ukweli kuhusu namba ni yeyote anayeutaka, kama Mpemba alivyostahili kuujua ukweli kuhusu maziwa yake.

Ukipata mfuatano wa namba usioujua, upeleke kwenye OEIS, hazina ya mifuatano aliyoianza Neil Sloane mwaka 1964. Iko kwenye intaneti tangu mwaka 1996, na leo ina zaidi ya mifuatano 350,000. Andika majibu yako sita au saba ya kwanza na itakuonyesha kama kuna aliyekutangulia. Mfuatano wetu wa kete umesajiliwa humo kwa namba A002491. Nenda huko baada ya kufikiri, maana ukianza nako utajinyima kazi.

Kisha igeuze programu. Badala ya kuanza na n na kupanda, anza na n mara n na ushuke: nenda kwenye kigawe cha n kutoa 1 kilicho chini yake, kisha cha n kutoa 2, hadi 1, ukishuka kila mara hata kama tayari uko juu ya kigawe. Kwa 5 utapita 25, 24, 21, 20, 19. Kwa 10 utaishia 79. Igawe kila namba ya mwisho kwa mraba wa n yake, tazama inaelekea wapi, na uandike ubashiri wako wa 100 kabla ya kubonyeza.